Maswali ya Wasomaji: Katapila la Kuvuta Skrepa

Ndugu Fundi,
Mimi na wenzangu wawili tunachimba malambo ya mifugo katika wilaya za Bahi na Chamwino. Mwaka huu tulinunua mnadani skrepa ya kuvutwa, yaani bakuli la magurudumu linalokwangua udongo na kuubeba; ni ya haidroliki (inaendeshwa kwa nguvu ya oili), yenye kubeba mita za ujazo 9. Kibao chake kinaonyesha kuwa ikiwa tupu ina uzito wa tani 9. Sasa dalali ametuonyesha makatapila mawili yaliyotumika. La kwanza ni Caterpillar D6D, limepigwa rangi na kufungwa minyororo mipya. La pili ni D7G lililochakaa kwa sura, minyororo yake imelika kama nusu, na lina winchi (mtambo wa kuvutia kamba ya chuma) nyuma. Bei zinakaribiana. Wenzangu wanalitaka la kwanza kwa sababu halili sana mafuta. Wewe ungechukua lipi?
Msomaji, Chamwino

Ndugu msomaji,
Ningechukua D7G, ila kwa sharti kwamba lifaulu majaribio nitakayoyaeleza hapa chini. Likishindwa, msinunue lolote kati ya hayo mawili.

Injini ya D6D ina nguvu za farasi 140 na ya D7G ina 200, lakini si hapo penye jibu. Katapila haliwezi kuvuta zaidi ya mnyororo unavyoshika ardhi, na mnyororo hushika kwa uzito wa mashine. Kwenye udongo mkavu mgumu, mvuto hufikia karibu asilimia 90 ya uzito huo. Kwenye udongo uliolegea ni kama asilimia 60, na kwenye mchanga mkavu hushuka hadi asilimia 30. D6D lina uzito wa takriban tani 15, D7G takriban tani 20. Skrepa yenu ikijaa itabeba udongo wa kama tani 13 na nusu, kwa hiyo mtakuwa mnavuta tani 22 na nusu. Mkitoka chini ya lambo kwa njia yenye mwinuko wa asilimia 15, juu ya udongo uliolegea, kuipandisha mashine pamoja na skrepa, na kuyashinda magurudumu yanayozama, kutahitaji mvuto wa karibu tani 8 kwa D6D, ilhali uwezo wake hapo ni tani 9 tu. D7G litahitaji tani 8 na nusu hivi, nalo lina 12. Mkikuta mchanga, hata D7G litabaki na tani 6 na halitapanda, kwa hiyo njia ya kutokea ilazwe hadi mwinuko wa asilimia 5 au chini ya hapo. Hayo ni ya kubeba tu. Kuchota kunadai mvuto mkubwa zaidi, na ndiyo maana mnapaswa kuchota mkiwa mnateremka, na udongo wa mbuga uliokauka uchanwe kwanza.

Kuhusu minyororo mipya, wenzako wana haki ya kuvutiwa, kwa kuwa hakuna sehemu ya katapila inayokula fedha kama hiyo, na katapila la kuvuta skrepa hutembea mwendo mrefu kuliko lile la kusukuma udongo, tena juu ya mchanga wetu unaosaga chuma. Hata hivyo, piga magoti uyatazame meno ya sproketi, gurudumu linalouzungusha mnyororo. Yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, mnyororo mpya umefungwa juu ya sproketi ya zamani, nao utaharibika mapema. Mnyororo uliolika nusu, kwa upande wake, mara nyingi bado unaweza kugeuzwa bushi (vibomba vya kwenye viungo vyake) ili upande usiolika ufanye kazi; mwite fundi aupime kabla hamjaafikiana bei, kwa sababu bushi ikishalika kupita kiasi haigeuziki.

Kisha zungukeni nyuma, mahali ambapo wanunuzi wengi hawafiki kwa sababu macho yao yameganda kwenye bleti, lile koleo la mbele. Chukueni pini ya skrepa yenyewe, mwitumbukize katika tundu la chuma cha kuvutia, mwitikise kwa mkono. Ikicheza mbele na nyuma kuliko inavyocheza kushoto na kulia, tundu limekuwa la yai, na mashine hiyo imevuta mizigo mingi bila matunzo. Tafuteni pia alama za kuchomelea pale chuma hicho kinapoingia kwenye bodi. Mfungue oili ya fainali draivu, yaani gia za mwisho zinazozungusha sproketi: vumbi laini la chuma kwenye sumaku si ajabu, lakini vipande vinavyokwaruza kidole ni sababu ya kurudi nyumbani.

Majaribio yenyewe ni mawili. Egesheni bleti kwenye ukingo imara wa udongo, injini ikiwa imepata moto, mtie gia ya kwanza na kuongeza mafuta taratibu. Minyororo yote miwili inapaswa kuzunguka papo hapo. Ukisimama mmoja huku mwingine ukizunguka, klachi ya kukatia kona ya upande uliosimama inateleza. Baada ya hapo ifungeni skrepa yenu, ijazeni, mwivute kwa nusu saa mchana wa jua, mkiangalia geji ya joto la konveta, kifaa cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kuwajibu.

Msidharau hewa safi inayoingia kwenye injini. Kuanzia Mei hadi Novemba vumbi letu halina mapumziko, na injini iliyovuta vumbi hutoa moshi kwenye mdomo wa kujazia oili. Wazee wa Kongwa wanakumbuka mradi wa karanga wa mwaka 1947: Waingereza walileta matrekta na makatapila yaliyotumika, mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na mengi yaliharibika mapema kwenye ardhi ya jirani na hiyo mnayoitegemea ninyi leo.

Ndugu Fundi,
Hiyo winchi ya nyuma ya D7G haiwezi kuendesha skrepa ya kamba? Mimi ninayo moja imelala uani.
Msomaji, Manyoni

Haiwezi, ndugu yangu. Winchi ya kung'olea visiki ina ngoma moja inayovuta polepole, ilhali skrepa ya kamba inahitaji mtambo wa ngoma mbili zenye klachi na breki zake, ngoma moja ikiinua bakuli na nyingine ikifungua mlango wa mbele na kusukuma udongo nje. Kwa skrepa ya haidroliki ya msomaji wa Chamwino, winchi hiyo ni kizuizi tu. Aifungue, aiuze, na fedha hiyo ilipie valvu na hosi za kupeleka oili nyuma, maana D7G lenye winchi aghalabu halina njia hizo.