Bodhidharma: Mwajemi, Mshirazi au Mhindi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa makala ya historia ya Asia kwa ajili ya jarida la wanafunzi wetu. Nimeandika hivi: "Bodhidharma, padri wa Kibudha anayeabudiwa sana China na Japani, alikuwa Mshirazi mwenye asili ya India aliyetoka nchi za Magharibi." Mwenzangu mmoja anasema Mshirazi si sahihi, niandike Mwirani. Mwingine anasema nifute yote niandike Mhindu. Nimfuate nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimfuate hata mmoja, ingawa wa kwanza amekaribia. Sentensi yako ni fupi lakini imebeba maneno sita yanayohitaji kupimwa, na zito kuliko yote ni hilo la asili.

Kwanza tujue habari zenyewe zimetoka wapi. Maandishi ya zamani kabisa yanayomtaja Bodhidharma na ambayo tunajua mwaka wake ni ya Yang Xuanzhi, afisa aliyeuzuru mji wa Luoyang, huko China, mwaka 547, mji ukiwa magofu, akaandika habari za mahekalu aliyoyajua ulipokuwa ukistawi. Katika habari za hekalu la Yongning, lenye pagoda, yaani mnara wa Kibudha, ya mbao ya ghorofa tisa iliyoanza kujengwa mwaka 516 na kuteketea mwaka 534, anamtaja mtawa mgeni aliyeitazama pagoda ile ikimeta juani, akasema ana umri wa miaka 150 na hajaona mfano wake popote alikopita. Kisha akakaa siku kadhaa amekutanisha viganja, akilitaja jina takatifu. Huyo ndiye Bodhidharma, na Yang anasema ni mtu wa Bosi, yaani Uajemi.

Tanlin, aliyeishi karne hiyohiyo ya 6 na kuandika dibaji ya mafundisho yanayonasibishwa na Bodhidharma, anasema vingine: huyu ni mtu wa kusini mwa India, mwana wa tatu wa mfalme mkuu. Mwaka 645 mtawa Daoxuan, akikusanya wasifu wa watawa mashuhuri, akaandika kuwa alikuwa Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wa kusini mwa India. Mji wa Kanchipuram, unaotajwa mno siku hizi kuwa ndiko alikozaliwa, umeingia katika simulizi baadaye sana.

Sasa maneno. Tuanze na Mshirazi. Shiraz ni mji wa Uajemi, hilo ni kweli, lakini Kiswahili kimekwisha kulipa neno hili kazi yake. Mshirazi kwetu ni mtu wa pwani na visiwa hivi, wa Unguja, Pemba, Tumbatu au Ngazija, ambaye nasaba yake inasimuliwa kurudi Shiraz. Simulizi za Kilwa zinaanza hivyo, na chama cha Afro-Shirazi cha mwaka 1957 kilibeba jina hilo kwa maana hiyo. Mwanafunzi wako akisoma kuwa Bodhidharma alikuwa Mshirazi, atamwona Mtumbatu amevaa joho la mtawa mjini Luoyang.

Mwirani nalo linamvuta mzee huyu hadi kwenye pasipoti za leo. Wenyewe wamelijua jina Iran tangu kale, ila ni mwaka 1935 ndipo serikali yao ilipoyaomba mataifa mengine yalitumie. Kwa mtu wa karne ya 6 Kiswahili kina neno zuri zaidi, Mwajemi, nami nalitetea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndilo neno letu la watu wale tangu zamani. Ya pili inanigusa zaidi. Ajemi limetoka katika Kiarabu, na huko lilianza kwa kumtaja asiye Mwarabu, mtu ambaye usemi wake haueleweki, kisha likawagandia watu wa Uajemi. Na Yang Xuanzhi, mbali na kuitaja nchi ya Bosi, anamwita mtu huyu *hu*, neno ambalo Wachina waliwaita nalo wageni wa upande wa machweo, tena kwa upana: leo mtu wa Asia ya Kati, kesho Mwajemi, pengine hata Mhindi. Waarabu na Wachina, kila mmoja kwa lugha yake, walikuwa na neno la mgeni wa upande ule lenye mipaka isiyokazwa. Kwa hiyo Mwajemi linabeba nchi aliyoitaja Yang, na linabaki na harufu ya ule ulegevu wa neno *hu*. Sijui neno jingine la Kiswahili linaloweza kuyafanya yote mawili.

"Mwenye asili ya India" hapa halifai kabisa. Tukisema Mtanzania mwenye asili ya Asia, tunamaanisha mtu aliyezaliwa hapa, wazee wake wakatoka kule. Sentensi yako basi inasema Bodhidharma alizaliwa Uajemi na wazazi waliohama kutoka India. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesema hivyo! Umechukua habari mbili zinazopingana ukazishona ziwe nasaba moja. Ukitaka kutaja mahali alikotoka mtu, sema alitoka, au ni mzaliwa wa. Asili iachie ukoo.

Mwenzako wa pili amechanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni wa nchi, Mhindu ni wa dini. Hata kama Daoxuan yuko sahihi kwamba huyu alizaliwa katika tabaka la Wabrahmani, tunamzungumzia mtu anayehesabiwa wa 28 katika silsila ya walimu wa Kibudha wa India na wa kwanza katika silsila ya Chan, madhehebu ya Kibudha ya China yanayokazia kutafakari, ambayo Wajapani huyaita Zen. (Neno silsila nimelichagua makusudi. Watu wa tarika wanalijua: mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi, mkono kwa mkono.)

Padri pia ondoa. Padri na kasisi ni wenye daraja ya kanisa, wanaoadhimisha sakramenti. Wapo wanaoandika mmonaki, nalo si kosa, ila linanukia monasteri za Ulaya. Mimi nasema mtawa. Wengi siku hizi wakisikia mtawa humfikiria sista wa Kikatoliki, lakini mzizi wake ni kitenzi kutawa: kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Watu wa pwani walimsema hivyo mwanamke asiyetoka nje, na walimsema hivyo mcha Mungu aliyejitenga na dunia. Sasa kumbuka simulizi mashuhuri kuliko zote juu ya Bodhidharma, kwamba alikaa miaka tisa karibu na hekalu la Shaolin ameuelekea ukuta, kimya. Miaka tisa ni ya simulizi za baadaye, lakini kule kuutazama ukuta kumo tangu kwa Tanlin. Ikiwa kuna mtu aliyetawa, ni huyu.

Anayeabudiwa libadilishe liwe anayeenziwa. Kuabudu ni ibada. Kuenzi ni kumpa mtu hadhi na kuitunza kumbukumbu yake, na hilo linatosha hata kwa vile vinyago vyekundu vya Daruma ambavyo Wajapani hununua na kuvichora jicho moja wanapoweka nia.

Na "nchi za Magharibi"! Kwa masikio ya leo hizo ni Ulaya na Marekani. Mchina wa zama zile akisema nchi za magharibi alimaanisha Asia ya Kati na India. Andika nchi zilizo magharibi ya China. Usiandike magharibi mwa China, maana *mwa* inamwingiza ndani ya China yenyewe.

Limebaki "alikuwa". Mashahidi wakipingana, alikuwa linakata shauri kabla ya wakati. Wengi hukimbilia inasemekana, lakini neno hilo halina mwenyewe. Msomaji hajui nani kasema. Anadaiwa lina harufu ya mahakama, na eti linabeza. Mtaje msemaji, basi. Ningeandika hivi:

"Bodhidharma, mtawa wa Kibudha anayeenziwa sana China na Japani, alifika China katika karne ya 5 au ya 6. Yang Xuanzhi, aliyeandika mwaka 547, anamtaja kuwa Mwajemi. Tanlin, na baadaye Daoxuan, wanasema alitoka kusini mwa India."

Ukiwasomea wanafunzi kwa sauti, usilitamke jina lake kwa *dh* ya dhahabu. Katika lugha za India *dh* ni *d* inayosindikizwa na pumzi, kwa hiyo Bodidarma liko karibu zaidi na jina lenyewe. Kwenye maandishi liache lilivyo.