Sindano za aleji: mwezi mmoja bado

Daktari, nachomwa sindano za aleji ya vumbi kila wiki, mwezi umeisha, na asubuhi bado napiga chafya mfululizo. Nimeliwa? – Mama, Kisauni

Hujaliwa, mama. Bado uko kwenye dozi za kupanda: unapewa kidogo sana cha kilekile kinachokudhuru, yaani utitiri wa vumbi, vijidudu vidogo mno kuonekana kwa macho, kisha tunaongeza polepole hadi mwili ukizoee. Ukifika dozi kamili utakuja mara moja kwa mwezi, kwa miaka mitatu hadi mitano. Nafuu huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Si mambo ya jana haya: Leonard Noon aliandika kuhusu sindano za chavua ya nyasi kule London mwaka 1911. Kwa sasa usiache dawa zako za kila siku. Na ule mto wa sufi wa tangu harusi, utoe; utitiri unaupenda unyevu wa pwani kuliko sisi.

Duka la dawa walinichoma moja tu, mafua yakakata kesho yake. Mbona nyinyi miaka mitatu? – Dereva, Morogoro

Ile, kaka, mara nyingi huwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Inatuliza, ikiisha nguvu mafua yanarudi palepale. Ukiizoea, inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Jina "sindano ya aleji" ndilo linalotuchanganya. Ya kwetu haianzi bila kipimo: matone kwenye ngozi ya mkono, kila moja na kichomo chake kidogo, tunasubiri dakika 15, kisha tunatazama ni wapi pamevimba kama umeng'atwa na mbu.

Kwa nini nazuiwa kliniki nusu saa? Nina kazi. – Mwalimu, Thika

Kwa sababu mwili ukigoma vibaya, mara nyingi hugoma ndani ya dakika hizo, na adrenalini, dawa ya kukuokoa hapo, iko kwetu, haiko kwenye matatu. Mkono kuvimba na kuwasha ni kawaida. Kifua kikibana au koo likikaza, ita nesi hapohapo. Siku pumu imekuamkia, sema kabla hujakunja mkono wa shati. Siku hiyo hatuchomi.

Nina aleji ya kamba wa baharini. Nikimaliza sindano nitawala? – Kijana, Tanga

Hapana. Hizi ni za vumbi, chavua na sumu ya nyuki.

Kuna wanaotoka patupu? – Bibi, Nakuru

Wapo, bibi. Mwaka ukipita bila tofauti yoyote, tunapitia upya kipimo, na mara nyingi tunaacha. Wengine hukaa na nafuu miaka baada ya kumaliza, wengine dalili huwarudia. Kabla hujaanza, andika kwenye daftari: vidonge vingapi vya setirizini, ile dawa ya aleji, kwa wiki, na usiku mara ngapi unaamka pua imeziba. Wasioandika huniambia baada ya mwaka, "Sijui kama inasaidia." Na mimi nami sijui.