Yai la kozi liko peke yake usiku kucha: je, mama amelitupa?

Swali: Daktari, shikamoo. Ninafanya usafi wa usiku katika jengo la ofisi hapa London. Nje ya dirisha la korido, ghorofa ya kumi na moja, kuna ukingo wenye changarawe, na kozi, wale ndege wawindaji wanaoitwa peregrine kwa Kiingereza, wametaga hapo. Yai la kwanza nililiona Machi 24, la pili Machi 26. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hawayaatamii. Mayai yanalala nje kwenye baridi na mama amekaa kwenye kona ya paa la jirani, anajichokoa manyoya tu. Mwenzangu kazini anasema ameshayatupa, na amenionyesha video ya mtu aliyetotolesha yai kwa balbu ya taa ya mezani. Tufungue dirisha tuyachukue kabla hayajaharibika? Au nikiweka vipande vya kuku pale ukingoni, mama atarudi? Tena nasikia makinda wao huanguka barabarani. Likitokea hilo, nimpe maziwa au nyama?

Jibu: Marahaba, dada. Dirisha lisifunguliwe. Mengine tutaongea taratibu, lakini hilo la dirisha lisingoje mwisho wa barua.

Kila mwaka, mwezi wa tatu ukielekea kuisha, napata swali hili hili, limebadilika jina la mji tu. Na kila mwaka neno ni lile lile: ametupa. Hakuna aliyetupa kitu. Kozi hutaga yai moja, akapumzika kiasi cha siku mbili, akataga jingine, mpaka yafike matatu au manne. Kuatamia kwa dhati huanza yai la tatu likishatoka, au linapokaribia. Kabla ya hapo anaweza kuyafunika kidogo usiku wa jalidi, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Yai ambalo halijapata joto la mwili wa mama linakuwa limelala. Uhai umo ndani yake ila ukuaji haujaanza, na kwa siku hizo chache ubaridi wa London haulidhuru.

Fikiria angeatamia tangu yai la kwanza. Kinda wa kwanza angetoka karibu wiki nzima kabla ya wa nne, na katika kiota cha ndege mbuai tofauti ya wiki ni tofauti ya kula na kukanyagwa. Kwa hiyo anasubiri, ili watoke kwa kukaribiana. Ule ubaridi unaokunyima raha wewe ni sehemu ya hesabu yake.

Na huyo unayemwona anajichokoa manyoya yuko kazini. Kutoka ile kona anaona ukingo wote, na kunguru akijaribu kutua hapo utaona kitakachomkuta. Usishangae pia ukikuta hayupo kabisa saa nane za usiku. Kozi wa mijini wamejifunza kuwinda kwa mwanga wa taa za barabarani, wakiwavizia ndege wahamiaji wanaopita juu ya mji gizani. Ana zamu ya usiku kama wewe.

Wakianza kuatamia utaona kingine cha kukupa presha: mara jike, mara dume. Dume ni mdogo, anapungua jike kwa kama theluthi moja, na akilalia mayai manne baadhi huchungulia pembeni kama miguu nje ya shuka fupi. Watu hunitumia picha wakisema mama kakimbia na ameingia ndege mwingine asiyejua kazi. Huyo ni baba wa watoto.

Sasa nije kwenye hatari ya kweli, maana ipo. Mayai yakishapashwa joto, kile kilichokuwa kimelala kimeamka, na hapo kupoa kwa muda mrefu kunaua. Ni nini humwondoa kozi juu ya mayai kwa muda mrefu? Mara nyingi ni binadamu mwenye huruma aliyefungua dirisha kuangalia kama mayai yametupwa. Jike anaruka, anazunguka akipiga kelele, hatui mpaka yule mtu aondoke, na mtu mwenyewe haondoki kwa sababu anatafuta pembe nzuri ya picha. Baadaye yai halikutotolewa, anasema, "Si niliwaambia?"

Kwa Uingereza kuna pia habari ya sheria. Kozi huyu yumo katika orodha ya ndege wanaolindwa zaidi chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Kumsumbua kiotani kwa makusudi au kwa kutojali, achilia mbali kuchukua yai, ni kosa la jinai: faini isiyo na kikomo, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. "Nilikuwa namsaidia" si utetezi ambao ningependa uende nao mahakamani, hasa ukiwa mtu wa ajira ya mkataba.

Kuhusu ile video ya balbu, nitajitahidi kuwa mstaarabu. Wafugaji wa kozi wanaoijua kazi yao hutotolesha kwa mashine ya joto la nyuzi 37.5 hivi, isiyopanda wala kushuka. Yai hugeuzwa mara nyingi kwa siku. Hupimwa uzito, kwa sababu linatakiwa kupoteza kama asilimia 15 ya uzito wake kabla ya kinda kutoboa ganda. Unyevu ukizidi kinda anazama humo humo ndani, ukipungua ananata kwenye utando. Na hata hao hupoteza mayai. Mwenye balbu na kopo la biskuti atafanikiwa mara moja katika mara nyingi, na hiyo moja ndiyo anayoirusha mtandaoni.

Tena video huisha kifaranga anapotoka, watu wakapiga makofi. Sehemu ya pili ndiyo huletwa kwangu. Niliwahi kupokea kinda wa wiki nne ambaye mwenyewe alimlea kwa nyama ya kusaga na maziwa, kwa upendo mwingi kabisa, kwenye boksi lenye blanketi. Miguu ilikuwa imepinda kama upinde. Nyama tupu bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha, na mifupa ya kinda inayorefuka kila siku haikusubiri. Maziwa ndege hawezi kuyasaga, na ukimmiminia mdomoni yanaweza kuingia kwenye mapafu. Hata kama miguu ingekuwa mizima, yule ndege alipomwona mtu alilia kama anaona mama yake. Kinda aliyefumbua macho akakuta uso wa binadamu hujihesabu binadamu. Huwezi kumwachia akaishi. Atatua begani kwa mpita njia, na mpita njia atampiga kwa mwavuli.

Lawama hii kwa mama kozi si ya leo. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, Derek Ratcliffe, alianza kukuta mayai yaliyovunjika ndani ya viota, na mara nyingine mzazi akiyala. Ungesema wamekuwa wazazi wabaya ghafla, nchi nzima kwa pamoja. Mwaka 1967 alichapisha ushahidi kutokana na maganda ya makumbusho na ya wakusanyaji: tangu kama mwaka 1947 maganda yalikuwa yamekuwa membamba, na chanzo kilikuwa DDT, ile ile tuliyoijua kwetu kwa mbu. Sumu ilipita kutoka mdudu hadi ndege mdogo hadi kozi, ikaharibu utengenezaji wa ganda, na mama alipolalia mayai yakapasuka chini ya kifua chake. Alikuwa anaatamia vizuri tu. Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, nchi nyingine nazo zikabana, na ndege wakarudi, sasa wakitaga kwenye makanisa makuu, mabomba ya moshi na ofisi kama hiyo yenu. Kwa kozi, ghorofa ni genge la mwamba lenye njiwa wengi chini yake.

Kwa hiyo na kuku wako mweke jikoni. Wahenga walishasema, kozi mwanamandanda, kulala na njaa kupenda. Ndege anayeshuka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa katika mji uliojaa njiwa hahitaji mapaja ya dukani. Watakaohitaji ni kunguru na shakwe, na wakishaizoea njia ya ukingo huo hawataishia kwenye kuku.

Kinda akianguka chini, je? Yai la tatu likitoka Machi 28 na wakaatamia, ongeza siku 29 hadi 33: tegemea makinda mwisho wa Aprili au siku za mwanzo za Mei. Huruka wakiwa na siku 38 hadi 45, madume wakitangulia, kwa hiyo ni Juni. Hapo ndipo simu yangu hailali, na hapo ndipo lile neno hurudi: ametupwa. Kinda mwenye manyoya ya kahawia yaliyokamilika, aliyekaa kando ya njia akikutolea macho, karibu kila mara ni mwanafunzi aliyeruka mara ya kwanza akashindwa kupanda tena. Kwenye genge angetua kwenye jiwe la chini kidogo. Mjini hakuna jiwe, kuna kituo cha basi. Wazazi wanamwona, na wataendelea kumlisha kwa wiki kadhaa baada ya kuruka.

Akiwa mahali salama, zuia mbwa na watu, kaa mbali. Akiwa barabarani au ameumia, mtupie taulo, mwingize kwenye boksi la karatasi lenye matundu, funga, weka gizani pasipo kelele, na upige simu RSPCA, shirika la kutetea wanyama, au kituo cha kuokoa wanyamapori kilicho karibu. Usimpe chakula wala maji. Akiwa mzima watampandisha kwenye paa la karibu, si ndani ya kiota, maana ukiingia kiotani ndugu zake huruka kwa hofu kabla ya siku zao. Na hiyo habari kwamba mama akisikia harufu ya mkono wa mtu anamkataa mtoto, isahau. Atamjua kwa kilio chake na atamletea njiwa.

Nayasema haya kwa London lakini nawalenga hata walio nyumbani. Kozi hawa wapo Afrika Mashariki pia, wakazi wanaotaga kwenye magenge, na wageni wa kutoka Aktiki tunaokuwa nao kati ya Oktoba na Aprili. Picha ninazotumiwa zaidi kutoka huko, hata hivyo, ni za makinda wa bundi na mwewe waliookotwa chini ya mti na kulishwa uji. Ukiuliza wazazi wako wapi, jibu ni hawapo. Ukiuliza ulisubiri muda gani, jibu ni dakika kumi, tena ukiwa umesimama chini ya mti ule ule. Mzazi gani angeshuka?

Jambo moja zaidi: usitaje jina la jengo mtandaoni. Mwaka 2010 mtu alikamatwa uwanja wa ndege wa Birmingham akielekea Dubai, amejifunga mwilini mayai 14 ya kozi ndani ya soksi. Anayekuuliza kwa upole kiota kiko ghorofa ya ngapi huenda ni mpenda ndege. Huenda si.

Korido yenyewe endelea kuipiga deki. Kozi wa mjini huzoea mtu anayepita nyuma ya kioo, kinachomshtua ni kioo kufunguka au uso kubandikwa juu yake. Mwombe msimamizi alifunge hilo dirisha kwa ufunguo hadi Julai, ashushe na pazia la upande huo. Acha upenyo wa vidole viwili kwenye pazia kwa ajili yako, uhesabu yai la tatu.