Kudaka, kunasa, kunyakua: maswali yenu wiki hii

Maswali ya wiki hii karibu yote yameangukia sehemu moja, maneno ya kushika na kukamata pamoja na kinyume chake, kwahiyo nimeyaweka pamoja. Mengine nimeyakata, maana kuna mtu kaandika kurasa mbili kuuliza neno moja.

Mwalimu shikamoo. Kama funga ni fungua na ziba ni zibua, kwanini kamata isiwe kamatua? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Kamatua hakuna, na sababu yake mi naiona hivi. Ukifunga mlango ukaondoka, mlango unabaki umefungwa hata wewe ukiwa umeshafika Dodoma, kwahiyo mtu mwingine anaweza kuja akaufungua. Mtego nao unautega unaenda zako kulala, mwenzio anakuja kuutegua. Samaki akinasa kwenye wavu anabaki amenasa, unamnasua. Sasa kamata kuku kwa mkono halafu toa mkono, utakamatua nini wakati kuku keshafika kwa jirani? Ndo maana kamata, shika na daka hazina -ua yake, zinaazima achia.

Halafu angalia huo mkia wa -ata. Uko kwenye fumbata, uko kwenye pakata ya kupakata mtoto, vyote ni vitenzi vya vitu kugusana na kung'ang'aniana. Fumbata imetoka kwenye fumba, na kamata inaunganishwa na kama ya zamani, yaani kubana, ndugu wa hii kamua unayotumia kwa maziwa.

Ila kuna jambo walimu wengi wanaliruka, kinyume hapa kina watu wawili. Aliyekamata anaachia, aliyekamatwa anaponyoka. Mshika mbili moja humponyoka, hakuna mahali waliposema aliiachia. Kwahiyo mtihani ukiuliza kinyume cha kamata, achia ndo jibu, lakini kwenye insha angalia kwanza unamzungumzia nani kati ya hao wawili.

Niache na niachie, kuna tofauti kweli au watu wanajifanya wajuaji tu? (Temeke)

Ipo bana, tena kubwa. Niache ni ondoka, usinisumbue, hata kama hujanigusa. Niachie, pale watu wanapovutana, maana yake kuna kitu umekishika, mkono, kola, mkoba. Nenda stendi yoyote ya mabasi asubuhi utawakuta wapiga debe wawili na begi moja, kila mmoja kakamata mkanda wake na kila mmoja ana basi lake, na katikati mama wa watu anapiga kelele "niachieni begi langu!" Angesema niacheni wangedhani hataki kusafiri leo. Tatizo la niachie ni kwamba inabeba pia ile ya kubakiziwa, kama "niachie chakula", hapo ni hali yenyewe ndo inaamua, wala usihangaike sana.

Na achia imeshasafiri mbali, msanii anaachia wimbo, kiongozi anaachia ngazi. Ukitaka kinyume cha hiyo ya mwisho, kuna shika hatamu, wale mliokuwepo enzi za chama kimoja Tanzania mnakumbuka "chama kushika hatamu". Hatamu ni ya farasi, ngazi ni ya kupandia, sasa mtu anaingia madarakani na farasi anatoka na ngazi, Kiswahili hakijali.

Watangazaji wa mpira wanasema kipa amedaka, amepangua, ametema. Kipi ndo kinyume cha daka? (Mwanza)

Tema. Mpira uliingia mikononi ukatoka, yaani alikuwa nao. Kupangua si kushindwa kudaka, kipa ameona hapa sidaki, akausukuma nje kwa makusudi, na mara nyingi ndo uamuzi wa akili. Cha kuchekesha, klabu nazo ziko hivyohivyo, zinanasa straika dirisha kubwa la usajili halafu zinamtema dirisha dogo, na ile iliyo mkiani inahangaika kujinasua.

Kanisani tunangojea unyakuo, huku kwenye habari wanyakuzi wa ardhi wanalaaniwa. Ni neno moja? (Nakuru)

Ni moja. Nyakua ni kuchukua ghafla, na kinachochukuliwa hakiulizwi. Wathesalonike wa Kwanza 4:17 inasema tutanyakuliwa, hapo anayenyakua ni Mungu kwahiyo hakuna wa kulalamika. Kwenye ardhi anayenyakua ni binadamu mwenye watu wake serikalini, na ndo hicho Wangari Maathai alikipigania Karura miaka ya 1990 ule msitu usigawiwe watu binafsi, na ndo hicho Tume ya Ndung'u, ile iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma Kenya, ilikiandikia ripoti mwaka 2004. Usidanganyike na -ua iliyo mwishoni, hii haigeuzi kitu, nyaka na nyakua zote ni za kuchukua, na ile ya kwanza ni kudaka kilichorushwa. Kinyume chake kwa ardhi ni kurudisha au kurejesha, neno la upole mno kwa kazi ngumu vile. Mwanariadha naye akinyakua medali ikagundulika alitumia dawa, basi anapokonywa.

Kubamba ni kukamata au ni kufurahisha? (Arusha)

Inategemea uko upande gani wa mpaka. Dar mtu akibambwa ana shida, Nairobi ngoma ikibamba watu wanacheza. Na ukiwa Nairobi ukasikia fulani ameshikwa, jua ni polisi, huku kwetu tungesema amekamatwa au amedakwa.

Kinyume cha fumania ni nini? Naomba unijibu haraka. (Hakutaja mji)

Hakuna. Fuma inayo fumua, lakini hiyo ni ya sweta na nywele, haitakusaidia. Aliyefumaniwa anakurupuka, akibahatika anachomoka, asipobahatika anabaki hapohapo anaeleza. Kama unauliza kwa ajili ya mtihani andika "hakuna", na kama ni kwa sababu nyingine, ndugu yangu, hiyo haraka yako inanitia wasiwasi.