Sumaku haitoshi kupima saa ya dhahabu

Ndugu, unasema saa ya Rolex ya mtumba unayotaka kununua ni dhahabu kwa kuwa haikunasa kwenye sumaku. Hilo halithibitishi kitu. Shaba nayo hainasi. Tena saa halali inaweza kuvutwa kidogo, maana mashine yake ina vipande vya chuma.

Ipime mkononi kwanza. Dhahabu ya karati 18 ni nzito karibu mara mbili ya chuma cha pua chenye ujazo uleule, kwa hiyo kasha likiwa jepesi, shtuka. Tafuta muhuri wa 750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, ndiyo karati 18, ila usiuamini peke yake. Kugonga tarakimu tatu si kazi. Mimi huangalia zaidi pale panaposuguana: kingo za kasha na kifungio cha mkanda. Rangi nyingine ikichungulia chini ya ile ya njano, hiyo imechovywa dhahabu juu tu.

Halafu mpelekee fundi saa aifungue. Hapa ndipo wengi hulizwa, kwa sababu dhahabu inaweza kuwa ya kweli na saa isiwe: mashine ya kampuni, kasha la kutengenezwa mtaani. Fundi ailinganishe mashine na modeli, na asome namba ya saa (kwenye Rolex za zamani iko ubavuni mwa kasha upande wa tarakimu 6, huonekana mkanda ukitolewa). Makaratasi? Hayo nayo hughushiwa.

Muuzaji akikataa saa isifunguliwe, mrudishie.