Lazima wapendanao wangu wafe mwishoni?

SWALI: Shikamoo anti. Naandika riwaya ya wanaume wawili wanaopendana kwenye nchi ambayo sheria inakataza, ukikamatwa ni jela. Mpaka katikati inaenda vizuri tu, alafu kila nikifika mwisho mmoja anajiua au wanadakwa na polisi. Rafiki yangu kaisoma anasema ndo uhalisia huo, ila mi moyo unagoma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikilize huo moyo, maana miisho ya msiba mingi haikutokana na uhalisia hata kidogo, ilitokana na woga wa wachapishaji. Marijane Meaker wa Marekani alipoandika Spring Fire, iliyotoka 1952, kuhusu wasichana wawili wa chuo wanaopendana, mhariri alimwambia wazi kabisa mwisho usiwe wa furaha manake posta ingeweza kuvikamata vitabu, kwaio mmoja akarukwa na akili. Posta ndo ilipanga mwisho wa stori! Naye E. M. Forster wa Uingereza aliandika Maurice 1913 na 1914 akakataa katakata kuwatenganisha wanaume wawili wanaopendana humo, na gharama yake ni kwamba kitabu kilitoka 1971, yeye kashafariki mwaka mmoja kabla.

Sasa simaanishi uifute sheria kwenye stori, hapana, ila we umeiweka yote kituo cha polisi wakati watu wanaishi nayo kutwa nzima. Iko kwenye simu, jina la mpenzi limeseviwa "Fundi Bomba". Wakipanda basi mmoja anakaa mbele mwingine nyuma na wanashukia vituo tofauti. Iko hospitali, mmoja kalazwa, nesi anamuuliza yule mwingine we nani yake, anasema jirani, basi anaambiwa majirani saa yao imeisha, anaondoka na kile kikombe cha uji mkononi hata hajamnywesha na hawezi kulia pale korido kwa sababu jirani halii hivyo. Ukiniandikia ukurasa kama huo sihitaji pingu. Na usimsahau mtu anayejua siri yao na anadai hela kila mwezi, huyo mara nyingi anatisha kuliko askari, kwa sababu hawana pa kumshtaki.

Kama unaogopa kuandika kila kitu wazi, msome mwandishi Ismat Chughtai wa India. Mwaka 1942, India ikiwa bado chini ya Mwingereza, alitoa hadithi fupi inayoitwa Lihaaf, msimuliaji anakumbuka utoto wake alipoliona shuka zito la bibi mwenye nyumba likitikisika usiku na asielewe kitu. Alishtakiwa mjini Lahore kwa kuandika mambo machafu lakini akashinda, hakuna neno chafu lililopatikana mle. Msomaji anaelewa, mtoto haelewi, mi naipenda sana mbinu hiyo.

Kingine, na hili nakuomba sana: usichukue maisha ya rafiki yako halisi ukabadilisha jina tu. Mtaa, kazi, kovu, gari analoendesha, watu wanaunganisha haraka na anayeenda jela ni yeye. Badili vyote. Alafu irudie ile sura ya mwisho, polisi wasije kabisa, tuone hao wawili wataamua nini wenyewe asubuhi yake.