Aaron Rodgers, aliyekuwa mrusha pasi mkuu wa New York Jets kwenye NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani), aliporudi kutoka kwenye jeraha, Jets walishinda au walifungwa?

Walifungwa. Tarehe 9 Septemba 2024, kule Santa Clara, California, San Francisco 49ers 32, Jets 19. Nilikesha kuiangalia, kwetu ilianza baada ya saa tisa usiku.

Kama unakumbuka ushindi, nadhani unachanganya na mechi ya ufunguzi ya 2023 dhidi ya Buffalo Bills. Ile ndiyo Jets walishinda, 22-16 katika muda wa nyongeza, Xavier Gipson wa Jets akikimbia na mpira uliopigwa na wapinzani hadi mwisho wa uwanja. Lakini Rodgers alikuwa ameshatoka zamani, kano ya kisigino ilikatika akiwa amecheza mipira minne tu ya mechi hiyo.

Na hiyo ya 2024 usimlaumu yeye peke yake. Alikuwa na miaka 40, ametoka kwenye jeraha linalomaliza wengi, bado akatoa pasi nzuri sana ya tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) kwa Allen Lazard. Tatizo lilikuwa ulinzi: Jordan Mason wa 49ers alikimbia yadi 147, naye alikuwa anashika tu nafasi ya mkimbiaji wao mkuu, Christian McCaffrey! Ila tachidauni ya mwisho ya Jets ni pasi ya Tyrod Taylor, mrusha pasi wa akiba, Rodgers alikuwa ameshapumzishwa.